Ukuta wa Matofali Yenye Pua

Juzi nilirudi Bukavu, nikapanda mtaa wa Kadutu saa nane ya mchana, kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba ya babu bado ipo. Lakini ule ukuta wa upande wa machweo umepakwa saruji, laini, na rangi ya bluu juu yake. Moyo uliniuma, ndugu yangu.

Wewe hukuuona ukuta ule. Fundi wa Sange, kule bondeni kwenye joto la kweli, aliujenga kwa kutokeza tofali moja na kurudisha jingine ndani, hata kila lililotokeza likalitia kivuli lililo chini yake. Majirani walicheka kwamba nyumba yetu ina pua. Enzi hizo za Zaïre, nyumba ya heshima ilikuwa ile inayoteleza kwa saruji. Bibi, aliyemwita fundi, hakujali. Babu alikuwa amepooza, na jua la alasiri lilikuwa likimpika kitandani. Ukuta ule ulipokamilika, akaanza kulala. Sisi wajukuu tulichambua dagaa wa sambaza uani tukimsikia akikoroma, na bibi akipika sombe, majani ya muhogo, huku akicheka peke yake.

Kisha ikaja posa ya dada yangu. Baba, mwalimu mwenye suti ya abakosti iliyopigwa pasi, aliona haya wakwe wasije wakaona pua zile. Bibi akiwa sokoni, akaleta mafundi, wakaupaka ukuta wote saruji. Ilipokauka, usingizi wa babu ukaisha. Alilowa jasho, akaomba maji, akaomba tena. Bibi alimpepea kwa sinia.

Jioni babu alimwita baba. Maneno yalimtoka kwa shida.

“Mutoto yangu, ni wageni ndio watalala hapa, ao ni mimi?”

Kesho yake baba alivua abakosti, akashika nyundo na patasi, akaibandua saruji yote kwa mikono yake. Matofali yalibaki na makovu. Wakwe walipofika, aliwaonyesha mwenyewe: nyuma ya huu ukuta muzee amelala, tuseme polepole. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Sijawahi kumpenda baba kama siku ile.

Mama anayekaa pale sasa alinikaribisha vizuri. Nikamwuliza ni nani analala chumba kile kilichokuwa cha babu.

“Mule tunaweka makala ya kupikia tu, papa,” akasema. “Muchana mutu hawezi lala mule.”