Finjani Saba za Etiye Wude

Saa tisa alasiri mchi wa Etiye Wude ulianza kugonga kinu, na majirani wakajua siku bado imesimama wima. Miaka arobaini ilikuwa hivyo. Ukungu uteremke kutoka mlimani au jua liwake, wanawake wa mtaa ule wa juu, pale mjini Dessie, walitupia shali mabegani wakaingia kwake kunywa kahawa. Kesho yake moto uliwashwa kwa Toyba, muuza viungo wa ng'ambo ya ua. Keshokutwa kwa Fantaye, mwenye nyumba ya bati jekundu. Halafu zamu ikarudi kwa Wude.

Toyba aliswali, Fantaye na Wude walifunga Kwaresima, na kahawa haikumuuliza mtu dini yake. Finjani ya kwanza, abol, ni nzito na chungu. Ya pili, tona, ni ya maneno. Ya tatu huitwa baraka, na maji yake ni mepesi kama ya kuoshea chombo, lakini hakuna aliyeondoka kabla yake, kwa sababu hapo ndipo mkubwa wao hunyoosha viganja na kuwaombea wote. Mkubwa wao alikuwa Wude, ndiyo maana walimwita Etiye, dada mkubwa.

Binti yake Bizunesh hakuwa mtu wa finjani ya tatu. Alikuwa mpishi wa shule, mama wa watoto watatu, na tangu kufiwa na mume alikuwa na roho ya kushtuka. Mlango ukigonga kwa upepo, moyo ulimruka. Alikunywa abol akiwa amesimama, akasema ana unga unamngoja, akatoka. Wanawake walimzoea.

"Huyo akikaa chini, kiti kitashangaa," Toyba alikuwa akisema.

Wiki moja baada ya sikukuu ya Msalaba, Bizunesh alimpeleka mama yake kupimwa, maana alikuwa akilalamika kichwa. Daktari akasema ni presha. Akaandika vidonge, akashauri apunguze chumvi na kahawa. Apunguze. Bizunesh alilisikia neno lile kwa masikio yake mawili, lakini lilipofika moyoni lilikuwa limekwisha geuka. Kahawa ya kwao hutiwa chumvi. Yaani mama alikuwa akinywa sumu mbili kwa mpigo, mara tatu kila kikao! Alifika nyumbani, akachukua dele la udongo la kupikia kahawa, na kinu, akavipandisha juu ya kabati.

"Mwanangu, na wageni?" mama yake aliuliza.

"Emaye, wageni watakunywa kwao. Mimi nataka uishi."

Wude hakubishana. Alikuwa na miaka sabini na minne, na anakula chakula cha binti yake. Akakalia kigoda chake karibu na ukuta, mikono mapajani.

Siku ya zamu ya Toyba, sauti ikapigwa juu ya ua kama kawaida: "Kahawa tayari! Etiye Wude, njoo, inapoa!" Hakuna aliyejibu. Toyba akaja mwenyewe mlangoni, mkono bado una majivu.

"Etiye yuko wapi?"

"Amepumzika," Bizunesh akasema, mlango ameufungua nusu.

"Jana pia alikuwa amepumzika. Amechoka kufanya nini?"

"Dada Toyba, daktari amekataza. Mnataka kumwua na kahawa yenu?"

Toyba alikung'uta majivu mkononi. "Kahawa yetu," akasema. Kisha akavuta shali yake kichwani, akaenda zake. Hakuita tena.

Bizunesh alidhani amemwondolea mama yake kinywaji tu. Kila asubuhi alimpa kidonge na kuhakikisha amemeza. Mama akisinzia mchana, alimwekea kiganja kifuani kupima pumzi. Mkate wa injera na mchuzi wake alimwandalia bila pilipili, bila chumvi. Na bado mama alikuwa akipungua. Pete ya ndoa ilianza kuzunguka kidoleni kama si yake. Magoti, yaliyokuwa yakimpandisha hadi kanisani bila fimbo, sasa hayakumfikisha choo cha uani. Usingizi ulimpaa. Kichwa kiliendelea kuuma. Siku moja aliuliza kama leo ni Jumatano, baada ya chakula akauliza tena, na kabla Bizunesh hajaosha sahani akauliza mara ya tatu.

Walirudi kupimwa. Mpira ukafungwa mkononi, hewa ikajazwa, na muuguzi akatikisa kichwa. Presha ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

"Anakunywa kahawa?" akauliza.

"Hata tone!" Bizunesh akasema. "Miezi miwili sasa, hata tone!"

Muuguzi akaongeza dozi. Njiani Bizunesh alimshika mama yake kiwiko, akahisi mfupa mtupu chini ya kitambaa. Emaye ananifia mikononi, alijiambia, na ninafanya kila kitu.

Alhamisi moja shule ilifunga mapema kwa sababu ya mvua ya mawe. Bizunesh alifika nyumbani saa tisa, karibu saa nzima kabla ya kawaida yake, wakati ambao huwa bado anasugua masufuria. Alimkuta mama yake chini, kwenye mkeka. Mbele yake sinia ya kahawa, na juu yake finjani saba. Wude alichukua moja, akaifuta kwa ncha ya shali, ndani na nje, akaiweka. Akachukua ya pili. Hakuna moto wala dele. Alipozimaliza zote alikaa akizitazama kwa muda ambao abol ingenyweka, kisha akaanza kuzirudisha kabatini moja moja.

"Emaye, unafanya nini?"

Mama alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Zinashika vumbi."

"Unazifuta kila siku?"

"Saa yake ikifika."

Bizunesh alikaa chini, koti lina maji. "Kwani nilikukataza kwenda kwa Toyba? Ungeenda ukakaa tu nao, bila kunywa."

"Nitakaaje kwenye moto wa mwenzangu, wakati wangu umezimwa?" Wude akasema. Hakuwa na hasira. "Zamu yangu ikifika niwaambie nini? Mtu asiyeita, haitwi. Na mwanangu, binti wa Toyba amejifungua. Nilisikia vigelegele toka hapa ukutani. Sijui hata ni mtoto gani."

Bizunesh aliinuka, akatoka bila kuvaa viatu vikavu.

Toyba alikuwa akipepeta pilipili. Hakuinua macho.

"Karibu, daktari. Umekuja kutupima?"

"Dada Toyba, nimekosa."

"Hapana, wewe ni msomi wa presha. Sisi ndio wauaji, na kahawa yetu." Alipepeta kwa nguvu hadi wote wawili wakapiga chafya. "Mjukuu wangu ana siku kumi na mbili. Hajawekewa mkono wa baraka. Fantaye aliniambia, 'Omba wewe basi, wewe ndiye unayefuata kwa umri.' Nilifungua mdomo, maneno yakanikataa. Finjani ya tatu tunaimwaga siku hizi. Unajua hilo? Tunaimwaga uani."

"Mama yangu anakwisha," Bizunesh akasema. "Nampa dawa zote, na anakwisha. Njooni kwetu."

Hapo Toyba aliinua macho. Akaweka ungo chini.

"Mkaa mnao?"

Dele liliteremshwa kutoka juu ya kabati, lina utando wa buibui shingoni. Fantaye alileta shayiri iliyokaangwa, Toyba akaleta kitoto kimefungwa kama mkate. Walitandaza majani mabichi sakafuni. Wude alikataa kuinuka kwenye kigoda.

"Mikono yangu inatetemeka. Mtanicheka."

"Tutakucheka ndiyo," Toyba akasema. "Miezi miwili sina mtu wa kumcheka, Fantaye hana hata jino la kuchekesha."

"Yangu yamebaki manne, yanatosha kukuuma," Fantaye akajibu.

Kona ya mdomo wa Wude ilicheza. Akanyoosha mkono, binti yake akamshika, akashuka kwenye mkeka. Alikaanga kahawa mwenyewe. Punje kadhaa zilimwagika, hakuna aliyeziona. Chumvi hawakutia. Abol aliwamiminia wenzake akajiruka, na tona vivyo hivyo. Bizunesh alikuwa akimtazama kila mmimino, vidole vimebana shali. Ya tatu, ile nyepesi, Wude alijimiminia nusu finjani, akamtazama binti yake. Bizunesh akaitikia kwa kichwa.

Aliinywa taratibu. Kisha akaweka kiganja juu ya mtoto, kingine akakinyoosha juu ya sinia.

"Mlioingia na uzito, mtoke wepesi," alianza, na wote wakaitika amina. "Aliye safarini arudi kwa miguu yake. Huyu mdogo akue, awazike wazee wake, wao wasimzike..."

Akanyamaza. Midomo ilitikisika, neno lililofuata halikuja. Bizunesh aliona macho ya mama yake yakitangatanga ukutani kama siku ile alipouliza kuhusu Jumatano, na moyo ukaanza kumruka. Alitaka kusimama, alete maji, alete kidonge. Toyba alimwekea mkono gotini, akamkandamiza chini.

"Etiye, mimi sina haraka," Toyba akasema. "Mvua yenyewe bado inanyesha."

Wakangoja. Viganja vyao vilibaki wazi mapajani. Mkaa ulilia jikoni, mtoto akapiga mwayo. Bizunesh alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afiwe kukaa hadi finjani ya tatu, na hakujua aiweke wapi mikono, basi akaifungua kama wenzake.

"Na binti yangu Bizunesh," Wude akasema hatimaye, polepole, kama anayeokota punje moja moja, "anayeogopa peke yake. Asiogope peke yake."

"Amina," wakaitika.