Sauti ya Mama Waliyoisafisha

Sijaisahau siku ile ofisini kwa watafiti Bukoba, mwanangu, nanyi nyote mliokusanyika hapa, nilipoambiwa jina langu limekatwa kwenye maneno ya mama yangu. Mama alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Nilipanda basi kutoka Muleba kwenda kuomba nimsikie anavyoniita Koku, mara moja tu. Mtafiti, Projestus, akanivalisha hedifoni. Nikamsikia mama akieleza kumenya ndizi. Ni yeye kabisa. Halafu pakawa kimya kidogo, akaendelea.

"Hapo aliniita nilete kisu," nikasema.

"Majina tulikata, mama. Na vicheko, na kikohozi. Ndiyo kusafisha data."

"Kwani mama yangu alikuwa mchafu?"

Akageukia kompyuta yake.

Nirudi nyuma kidogo. Watafiti walikuja kibanjani kwetu, shambani penye migomba na nyumba yetu, wakiwa na mwenyekiti wa kitongoji, Novatus. Ulikuwa utafiti unaolipiwa na serikali, wa kufundisha simu ielewe Kihaya, ili mkulima asiyejua kusoma aulize habari za migomba yake kwa mdomo. Jambo jema, sikatai hata leo. Mama akauliza, "Waitu, ndugu zangu, maneno yangu mkishayachukua mtayaweka wapi? Na binti yangu ataachiwa nini?"

Kwenye karatasi ya kukubali waliyotuletea, nilikuja kujua baadaye, palikuwa na mahali pa kuomba nakala ya sauti. Projestus hakutusomea. Novatus akacheka: "Bibi, serikali imeshakubali, wewe nani ukatae?"

Na mimi? Niliona aibu. Niliishia darasa la nne, sikutaka wasomi watuone washamba. Nikamwambia, "Mama, weka dole gumba, wageni wana haraka." Akanitazama bila hasira. "Koku, anayekuomba mbegu muulize atapanda wapi. Kuuliza si ugomvi." Akaweka dole. Siku tatu akawasimulia, huku akinituma maji, kuni, kisu, akinitania kwamba ninamenya ndizi kama ninayelipiza kisasi. Tulizaliwa watano, nimebaki mimi. Utani huo ndio uliokuwa urithi wangu, nami sikujua.

Basi, mwanangu, wakija na mashine zao wakaribishe, wape kiti, wape chakula. Elimu ni kitu kizuri. Ila mzee wako akiuliza swali, usimnyamazishe kwa aibu yako wewe. Wasihi wakusomee karatasi mpaka mstari wa mwisho, uombe nakala kabla hawajawasha gari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mungu akuwekee wanaokupenda, wakuite mpaka uchoke kuitika.

Nawe Projestus uliyeketi hapo, siku ile ulisema sauti zenyewe, kabla ya kukatwa, zimehifadhiwa mahali, ila ruhusa ya kuzitoa si yako. Novatus ananikwepa sokoni. Ruhusa ni ya nani? Nitajieni mtu huyo, hapa hapa mbele ya watu, nami nitakwenda kumwona.