Lipiko la Karatasi

Baba yangu amechonga vinyago Chang'ombe tangu sijazaliwa, na mikono hiyohiyo iliyonilea ikaninyima kimoja. Nilikuwa nimeshaigiza miaka mingi na kundi letu la mtaani, nimeshakuwa mama mkwe, jini, hata diwani mla rushwa. Sasa nilitaka kucheza na lipiko, kile kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwa kizima kama kofia. Kwetu kuvaa lipiko ni kwa wanaume. Mwanamke hatakiwi hata kuligusa.

"Nitakuchongea cha kutundika ukutani," baba akasema bila kuinua macho kwenye tezo. "Cha kuvaa, sahau."

Mie si wa kuambiwa sahau. Nikaomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi wa jirani, nikapika uji mzito wa ngano, nikabandika karatasi juu ya ndoo, tabaka juu ya tabaka, mpaka likatoka lipiko langu lenye midomo minene na chale mashavuni. Nikalitoboa macho mawili makubwa, nikaenda kuliweka mbele ya baba makusudi.

Alicheka. Kicheko chenyewe kiliniuma kuliko lile katazo.

"Macho ya nini haya? Hujui kitu wewe. Mchezaji anaonea mdomoni!"

Ningejuaje, na wao wanaume ndio waliotuficha? Nikamwambia, "Ahsante baba, umeshanifundisha." Akashtuka, akanuna, akarudi kwenye kazi yake. Nami nikaziba macho, nikatoboa mdomo.

Siku ya onyesho uwanja wa nyuma ya karakana ya baba ulijaa. Baba alikaa mbele pamoja na mjomba wangu mkubwa, aliyekuja kutoka Newala kwa ajili ya harusi ya jamaa. Katika ukoo wetu mjomba ndiye mwenye sauti. Kama baba angemnong'oneza neno moja tu, ningevuliwa mbele za watu na kundi letu lisingecheza tena mtaa ule.

Nilijifunika nguo mpaka vidoleni, nikatoka. Kupitia ule mdomo niliona vumbi na miguu ya watu tu. Nikaitafuta miguu ya baba, nikaenda kutikisa mabega mbele yake. Niliogopa, sitadanganya, lakini sikurudi nyuma hata hatua moja.

Ngoma ilipokwisha, mshereheshaji akapaza sauti, "Vua tukuone, braza!" Simu zikainuliwa. Sikuvua. Nilitoka nalo kichwani hadi nyuma ya banda, nikabadili nguo, nikarudi nimebeba sinia la chai, jasho halijakauka.

Nilimkuta mjomba anambana baba. "Shemeji, yule anajua kucheza. Ni mtoto wa nani?"

Baba akanitazama. Shingo yangu ilikuwa nyekundu, imechubuliwa na ukingo wa karatasi, na wala sikuifunika kwa mtandio. Kama ni kusema, aseme.

Akachukua kikombe chake taratibu. "Mule hamna mtu, shemeji. Ule ni mzimu."

Hilo ndilo jibu ambalo wanaume wa kwetu huwapa wanawake na watoto wanaouliza. Mjomba, aliyecheza na lipiko ujana wake wote, alikuwa hajawahi kupewa jibu hilo yeye mwenyewe. Uso ukamshuka. Nikamwekea chai mbele yake, nikasimama palepale nikimtazama machoni mpaka akanywa.