Shemeji Yangu na Magari Mawili Yasiyonguruma

Shemeji yangu ni fundi saa, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona akishindwa kuamua jambo. Ukimpa saa anaiweka sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia, "Springi imechoka," au, "Tupa hii, nunua nyingine." Basi. Hata kumposa dada yangu, alimposa vivyo hivyo, bila kuzungukazunguka. Wakati huo mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto, kwa hiyo kumtania ni haki yangu na siombi radhi.

Ndiyo maana lile suala la gari lilitushangaza. Mtu mzima alichanganyikiwa mbele ya macho yetu, akatuchanganya na sisi.

Figo za dada yangu ziliacha kufanya kazi mwaka jana. Jumanne na Ijumaa ni lazima afike hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, mashine imsafishie damu. Aliyekuwa akimpeleka ni jirani yetu, dereva mstaafu mwenye roho nzuri na gari bovu. Siku moja gari hilo liligoma njiani na dada akaikosa mashine. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba, pumzi zinakatika, na shemeji anazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutaga. Tuliponea chupuchupu. Sasa jirani alikuwa anahamia kwa mwanawe mwisho wa wiki, na sisi hatukuwa na gari wala baiskeli.

Jirani huyo huyo ndiye aliyetutumbukiza kwenye haibridi.

"Kwa safari zako hizo mafuta yatakumaliza," alimwambia shemeji. "Tafuta haibridi iliyotumika. Inakwenda kwa petroli na kwa umeme. Ukiwa kwenye foleni, injini inajizima yenyewe."

"Injini inazima, mke wangu yumo ndani?"

"Inazima, lakini gari halijazimika."

Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama dari. Tangu siku hiyo sikuwahi kuelewa tena kitu chochote kwa ukamilifu.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe, kwenye yadi ya magari. Muuzaji, kijana aliyenyoa vizuri na kunukia kupita kiasi, alitwambia betri yake kubwa bado ina waranti, yaani dhamana, ya miaka miwili. Akamkabidhi shemeji kitabu kinene cha masharti, akamkaribisha ajaribu. Shemeji akakaa, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, akaweka gia ya kwenda mbele. Kimya. Akabetua midomo, akatikisa kichwa, akashuka.

"Halipumui hili," akasema, na kwenda kuegesha sikio kwenye boneti kama anavyofanya kwa saa zake.

Gari likaanza kutembea. Taratibu kabisa, bila hata mkoromo, likamsukuma shemeji kinyumenyume, mikono juu ya boneti, wawili hao wakaonekana kama wanacheza muziki wa harusi. Muuzaji aliruka ndani na kulisimamisha karibu na rundo la matairi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Shemeji alikasirika hadi jioni, na sijui alikuwa amelikasirikia gari au mimi.

Gari la pili lilikuwa la kijivu, la mwalimu mmoja mtaani kwetu. Hilo dhamana yake ilikuwa imekwisha zamani. Lakini mwalimu alikuwa akilitengeneza kwenye gereji iliyo nyuma ya soko, kwa fundi mwanamke ambaye watu wote humwita Mama Waya, maana kazi yake ni magari ya umeme tu. Tukaenda kumwona na gari hilo. Aliipima betri kwa kompyuta yake ndogo, akatwambia ni nzuri ingawa si mpya.

"Unanihakikishia haitakufa?" shemeji akamuuliza.

"Hapana, mzee."

"Kwa mwaka mmoja tu?"

"Hata kwa mwezi siwezi. Betri ni betri. Ninachoweza ni kulitengeneza likiharibika."

Shemeji alitoka hapo amenuna. Aliniambia njiani kwamba fundi asiyeweza kusimama nyuma ya kazi yake si fundi. Nikamkumbusha kwamba betri hakuitengeneza yeye. Akasema nisimchanganye zaidi.

Siku mbili zilizofuata nyumba yetu ilikuwa jeupe asubuhi, kijivu mchana. Shemeji alisoma kitabu cha masharti kwa ile lenzi yake ya jichoni, kana kwamba maana ilikuwa imejificha katikati ya herufi. Dhamana ni halali iwapo gari litahudumiwa kwa wakala wa kampuni pekee. Wakala yuko mji mkuu, safari ya siku nzima. Iwapo gari litaguswa na fundi mwingine, dhamana imekwisha. Kuguswa ni nini? Kupangusa je? Aliniuliza mimi, muuza vifungo na uzi. Nilimjibu kwamba kupangusa kunaruhusiwa, na hilo nililibuni tu.

Hatimaye akapiga meza. "Jeupe! Jeupe lina dhamana. Neno limeandikwa na lina muhuri."

Dada yangu, ambaye muda wote alikuwa akitusikiliza kwenye kochi, miguu juu ya mto, akasema, "Kabla hujalipa, wapigie hao mawakala. Waulize likiharibika kuelekea Ijumaa, Ijumaa yenyewe nakwenda na nini."

"Si watanipa jingine la kushikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kichwani mwake. Kibandani kwake, mtu akileta saa kutengenezwa, shemeji humvisha saa nyingine mkononi, hata kama ni kuukuu, mpaka yake ipone. Anaiita saa ya kushikia. Hajawahi kumwacha mteja aondoke mkono mtupu, na kwake yeye hiyo ndiyo maana ya dhamana. Maskini, alikuwa amesoma kitabu kizima akiamini gari la kushikia limo humo, ila halijatajwa kwa sababu ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Akapiga simu, akaweka spika. Akapokea msichana mwenye sauti laini.

"Likiharibika utalileta kwetu, mzee."

"Nitalileta vipi nalo limeharibika?"

"Kwa gari la kuvuta. Tukilikagua tutajua kama gharama ni yetu au ni yako."

"Na betri?"

"Inaagizwa nje. Wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa hizo mtanipa gari gani la kushikia?"

"La nini?"

"La kushikia! La kutumia! Nina mgonjwa wa mashine, Jumanne na Ijumaa."

Yule msichana akasema, kwa upole kabisa na bila ubaya wowote, "Pole sana, mzee. Lakini mgonjwa hayumo kwenye waranti."

Shemeji alikata simu. Alikaa akiishika kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma.

"Sasa sijui," akasema. "Huyu ana karatasi lakini yuko mbali. Yule yuko karibu lakini hana karatasi. Sijui kitu."

Dada akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Namba ya Mama Waya ni ipi?"

Akampigia mwenyewe. Hakumuuliza habari za betri. Akamuuliza, "Mwanangu, gari likituzimikia njiani nikiwa nakwenda mashineni, wewe utafanyaje?"

Tulisikia nyundo zikigonga huko gereji, halafu sauti yake. "Nitakuja na pikapu kukuchukua wewe, mama, nikufikishe. Gari tutalifuata baadaye, haliendi popote."

Dada akashukuru, akakata. Shemeji akaanza palepale, "Hayo ni maneno tu. Kesho akisafiri? Akiugua? Hakuna maandishi, hakuna muhuri, nitamshika wapi?"

"Fundi," dada akasema. Ndivyo anavyomwita tangu wakiwa wachumba. "Wewe unatafuta nini hasa?"

Shemeji macho yakamjaa machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na sikujua nigeukie wapi. "Nataka mtu mmoja aniambie hutakufa," akasema. "Mmoja tu. Nimewauliza wote."

Dada alisogeza miguu kwenye mto, akamvuta akae pembeni yake, na akamlaza kichwa begani kama anavyomlaza mjukuu wake.

"Hayupo," akamwambia. "Hata daktari hajaniambia. Nitakufa siku yangu, lakini nisife kwa kukosa gari wakati wewe unasoma kitabu. Nenda kalichukue la kijivu."

"Na likizima?"

"Likizima utakaa kando yangu barabarani, tumsubiri Mama Waya."

Shemeji akajipangusa uso kwa kiganja. Akakaa kidogo. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa kama nilikuwa na nafasi ya kumsindikiza kwa mwalimu, maana peke yake angerudi na jeupe.