Kombora Ambalo Halikuonekana

Ukimwambia Kingori "leta maji", hatakwenda kuleta maji. Atasimama, akutazame usoni, aseme, "Leta maji," kisha asubiri. Usipomjibu "sawa" atabaki pale pale kama kigingi, na hayo maji utayasahau. Wageni hudhani anawakejeli. Mchungaji mpya wa kanisa lao hapo Mukurweini alimwomba siku moja asome somo la pili, akarudishiwa maneno yake yote, sura na aya, mbele ya wazee wa kanisa. Mchungaji alikuwa ameshaanza kuvimba kwa hasira mtu alipomnong'oneza, "Mwambie sawa tu. Huyo alikuwa mtu wa mizinga."

Ndivyo watu wa mizinga walivyofundishwa. Anayetoa vipimo husema, anayepokea hurudia, na yule wa kwanza akiridhika husema "sawa". Bila neno hilo hakuna mkono unaogusa kamba ya kufyatulia. Kingori aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na kwa muda mrefu alikuwa mlenga, yaani yule anayekaa ubavuni mwa mzinga na kuugeuza kufuata tarakimu anazopewa. Alipostaafu akarudi kwa ng'ombe wake watatu na migomba yake. Jeshi aliliacha huko, lakini desturi akaja nayo. Mkewe, Gladwell, aliipinga mwaka mzima, akachoka. Siku hizi husema "sawa" hata kabla hajaulizwa.

Kitu cha pili alichokuja nacho ni uziwi. Sikio la kushoto lilikufa angali askari, na hakulililia, kwa sababu hakuna mpiga mizinga mwenye masikio mawili mazima. Lakini mwaka huu la kulia nalo likaanza kuzimika. Daktari mmoja mjini Nyeri alimpima, akatikisa kichwa, akamwandikia jibu kwenye karatasi ili lisipotee njiani: mwaka mmoja, labda miwili, halafu kimya. Kifaa cha kusikilizia kingesaidia kidogo tu. Kingori aliisoma karatasi ile kwa sauti, neno kwa neno, kisha akasubiri. Daktari naye akamtazama, asijue anasubiriwa nini. Ni Gladwell aliyesema "sawa" kwa niaba yake, machozi yakimlengalenga.

Wakirudi nyumbani, Gladwell alidhani mumewe anawaza nyimbo za kanisani, au sauti za wajukuu. Mwenyewe alikuwa anawaza sauti ya mtu mmoja tu, Gatobu, mwenzake wa vitani, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na mitatu. Kuna jambo alilotaka kulisikia kutoka kinywani mwa Gatobu, na sasa alijua kwamba muda wa kulisikia unahesabika.

Ili jambo hilo lieleweke, lazima kwanza twende kwenye ubao.

Miaka yake ya mwisho jeshini, Kingori aliwafundisha makuruta historia ya mzinga. Lilikuwa somo la baada ya chakula cha mchana, na wengi walilipokea kwa kusinzia, lakini yeye alilipenda kuliko chakula chenyewe. Alianza na Wachina na baruti yao. Akaja kwenye mizinga ya kwanza ya Ulaya, mitungi ya chuma iliyorusha mawe na ambayo mara nyingine ilimlipukia aliyeiwasha. Akachora maksai sitini, kwa kuwa ndivyo inavyosimuliwa, wakiburura mzinga mmoja mkubwa kuelekea kuta za Konstantinopoli mwaka wa 1453. Kuta zile zilikuwa zimesimama miaka elfu moja, na hazikumaliza miezi miwili. Makuruta waliotoka kwa wafugaji waliamka hapo kwenye maksai, wakauliza wanyama hao walikula nini.

Halafu akawapitisha karne moja baada ya nyingine. Mizinga ya shaba ya Wareno kule Mombasa. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kombora lizunguke na kwenda mbali bila kuyumba. Mlango wa nyuma wa kupakia, ili mtu asilazimike kusimama mbele ya mtutu mbele ya adui. Kisha Wafaransa, karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, wakaufanya mtutu urudi nyuma na kujirejesha wenyewe kwa mafuta na hewa, ili mzinga usiruke kama punda na kulazimu kulengwa upya kila mara. Na vita vikuu vya kwanza vilipofika, mpigaji akajificha nyuma ya kilima na kupiga kitu asichokiona, kwa ramani, hesabu na waya wa simu.

Hapo chaki ya Kingori ilisimama.

"Angalieni," aliwaambia. "Yule wa kwanza kabisa alisimama karibu na ukuta. Alimwona mtu juu yake, pengine hata shati lake. Kila alipopewa mzinga mzuri zaidi, alirudi nyuma. Akarudi, akarudi, mpaka kilima kikaingia katikati. Tangu siku hiyo sisi tunapiga na macho ya kuazima."

Macho hayo ni mwangalizi. Ni askari anayetangulia mbele na darubini na redio, anaona shabaha, anatuma vipimo, kisha anatazama kombora lilipoanguka na kusema: kushoto kidogo, mbele kidogo, hapo hapo. Kuruta mmoja aliwahi kumwuliza Kingori kuhusu hizi ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo siku hizi humwonyesha mpigaji kila kitu kwenye kioo. Kingori alifikiri kidogo. "Kwa hiyo nyinyi mtaona tena," akasema. "Poleni."

Darasa lilicheka. Yeye hakuwa amefanya mzaha.

Macho yake ya kuazima, kule vitani ng'ambo ya mpaka, yalikuwa ya Gatobu. Walikuwa umbali wa kilomita kumi, Gatobu juu ya kilima cha mawe na Kingori nyuma ya vichaka vya miiba, na kwa muda wa miezi minane walijuana kwa sauti kuliko ndugu. Asubuhi moja mzinga wa Kingori peke yake ulikuwa unapiga, kama ilivyo kawaida kabla mingine haijajiunga. Kombora la kwanza, mbele. La pili, karibu. Vipimo vya la tatu vikaja, Kingori akavizungusha. Chombo cha mlenga kina duara mbili, kubwa ya mamia na ndogo ya vijisehemu vyake. Ndogo aliiweka barabara. Kubwa aliipitisha alama moja.

Sasa, kurudia kulikuwa kinga ya kosa kama hilo hilo. Sheria inasema mlenga asome kutoka kwenye chombo, kile alichokiweka. Kingori, baada ya miezi minane ya kusikia na kurudia, kusikia na kurudia, alirudia alichokisikia. Tarakimu zilikuwa sahihi kabisa mdomoni mwake. Wakamjibu "sawa". Kamba ikavutwa.

Aliiona ile alama moshi ukiwa bado mbele ya uso wake. Alama moja, na kwa umbali ule alama moja ni kama kutoka sokoni Mukurweini hadi ng'ambo ya bonde. Akaurudisha mkono wake polepole, akaweka vizuri, hakusema neno. Redio ikakwaruza. Kisha sauti ya Gatobu ikasema, "Halikuonekana. Pigeni tena vipimo vile vile."

Halikuonekana. Makombora huwa hayaonekani mara nyingi. Kombora huangukia korongoni, au vumbi la lililotangulia hulificha. Kingori alilishika neno lile kwa mikono miwili. Aliporudi nchini aliomba kuondolewa kwenye mzinga, akapewa ubao. Lakini kwa miaka kumi na mitatu, kila alipokuwa akikama ng'ombe au kukata majani ya migomba, alijiuliza swali moja: halikuonekana kweli, au lilionekana? Gladwell ndiye mtu pekee aliyemwambia.

"Si umpigie simu?" Gladwell akamwuliza wiki ile walipotoka kwa daktari.

"Simu inakula maneno, Mama Nyawira."

"Basi mwandikie."

"Maandishi haiwezi nionyesha uso yake. Nataka kusikia na hii sikio, kabla haijafunga."

Gladwell alikunja nguo aliyokuwa akiikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Na akikuambia kitu hutaki?"

"Hiyo ndiyo naendea," akasema Kingori.

Gatobu alikuwa na duka la dawa na vyakula vya mifugo mjini Chuka. Alikuwa amenenepa, ana miwani, na alipomwona Kingori mlangoni alipiga ukelele, akatoka nyuma ya meza na kumkumbatia hadi kofia ikaanguka. Akaagiza chai. Akawaambia wateja wawili waliokuwepo kwamba huyu mzee ni fundi, angeweza kupiga sufuria ikiwa Embu akiwa amekaa hapo. Wateja wakacheka kwa adabu.

"Afande, ulikuwa unapita tu ama uko na shida?" Gatobu akauliza.

"NIKO NA SWALI MOJA!" akasema Kingori, ambaye siku hizi hana kipimo cha sauti yake. Mwanamke aliyekuja kununua dawa ya kupe akageuka.

"Sauti, afande, punguza. Kuja hapa nyuma."

Wakaingia stoo, kati ya magunia ya pumba na chumvi ya ng'ombe. Gatobu akaacha mlango wazi kidogo ili aone duka. Kingori akamgeuzia sikio la kulia, na macho akayaweka kwenye midomo yake.

"Ile asubuhi, mzinga yangu ilikuwa inapiga pekee yake," akasema. "Ile kombora ya tatu. Ulisema haikuonekana. Ilianguka wapi?"

Gatobu hakuuliza ni asubuhi ipi. Hilo Kingori aliliona.

"Kwa mchanga," Gatobu akasema. "Hakukuwa na kitu hapo, afande. Ni mchanga tu."

"Kwa mchanga," Kingori akarudia. "Hakukuwa na kitu hapo. Ni mchanga tu."

Kisha akasubiri.

Gatobu alifungua mdomo. Akaufunga. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Uongo wenyewe ulikuwa umemtoka kirahisi, kama ulivyomtoka redioni siku ile. Kilichokuwa kinahitajika sasa ni neno moja tu, lile ambalo wote wawili walilitumia maelfu ya mara, wala hata siku moja hawakulitamka kwa kujua juu ya kipimo kisicho sahihi. Mwanamke wa dawa ya kupe akaita kutoka dukani. Gatobu akajibu, "Nakuja," lakini hakuondoka.

Kingori alikuwa amekwisha kujua. Alijua tangu ile nukta ya kwanza ambayo "sawa" haikuja. Angeweza kunyanyuka, akashukuru kwa chai, akarudi nyumbani na mchanga wake. Hakunyanyuka.

"Afande," akasema, "mimi naenda kuwa kiziwi kabisa. Nipatie ile uliona."

Gatobu akakaa juu ya gunia. Aliposema, alisema kwa ile sauti ya redioni, kavu, kila neno peke yake, maana pengine bila sauti ile asingeweza.

"Kulikuwa na boma. Nyumba mbili za mabati. Mama mmoja alikuwa anachota maji kwa pipa. Vumbi ikiisha, nyumba ilikuwa moja. Mama hakuwa."

"Mbona ulisema haikuonekana?"

"Nilijua ni wewe. Nikaona, huyu akijua, mkono itatetemeka siku yote, na sisi tuko huku mbele tunamngojea. Nikasema nitakuambia tukirudi." Akatazama mikono yake. "Tukirudi nikashindwa."

Kingori alikuwa amejiandaa kujihurumia, na pengine kumkasirikia Gatobu. Kilichomjia kilikuwa kitu kingine. Yeye alikuwa amebeba swali miaka yote hiyo, na alidhani hakuna mzigo unaoushinda huo. Huyu mwenzake, akiuza pumba na kupiga soga na wateja, alikuwa amebeba yule mama mwenyewe, peke yake, kwa ajili yake. Hayo ndiyo macho aliyoyaazima, na hakuwahi kuyarudisha.

Akasimama wima, kama alivyosimama kando ya mzinga. Sharti lilikuwa lile lile: asirudie tu alichokisikia, aseme alichokiweka.

"Nilipitisha alama moja," akasema. "Kulikuwa na boma. Nyumba mbili za mabati. Mama mmoja alikuwa anachota maji kwa pipa. Vumbi ikiisha, nyumba ilikuwa moja. Mama hakuwa."

Hakujua kama alikuwa ananong'ona au anapiga kelele. Lakini kule dukani watu walikuwa wamenyamaza kabisa, na Gatobu, mashavu yakiwa yamelowa, alikuwa amesimama naye.

"Sawa," akasema Gatobu.

Kingori alilisikia vizuri.