Baba Amelala

Kuna harufu moja ambayo wenzangu hawaitilii maanani kabisa, lakini mimi ikinipitia puani naacha ninachofanya. Ni harufu ya maboksi. Boksi likifunguliwa tu, ile hewa kavu ya karatasi ngumu na gundi inayotoka ndani yake inanirudisha Fort Worth, Texas, kwenye nyumba yetu ya kupanga ya ghorofa ya juu, ni asubuhi, na Baba anaingia kutoka kazini. Alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, akiendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na harufu ya maboksi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye nywele. Belyse, mdogo wangu, aliamini kwamba akina baba wote duniani wananukia hivyo.

Baba alikuwa akiingia anaoga, anakunywa chai yake kwa mkate, anaingia chumbani na kufunga mlango. Kuanzia hapo nyumba ilikuwa na sheria moja tu: Baba amelala. Ninyi mliokulia kwenye nyumba yenye mtu wa zamu ya usiku hamhitaji maelezo zaidi. Kwenu mliobaki, hebu niwaeleze. Ndala zilivuliwa mlangoni. Maikrowevu ilifunguliwa kabla haijapiga kelele zake, kwa hiyo tulikula vitu vya uvuguvugu miaka yote. Mama akisonga ugali aliiteremsha sufuria chini, juu ya taulo lililokunjwa, ili mwiko usigonge. Na tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Mama akigusa shavu, maana yake nenda kanawe. Akigusa sikio, punguza sauti. Akianza kukifungua kilemba chake taratibu huku anakutazama, basi ujue umekwisha.

Wala haikuwa hofu ya kuchapwa. Mama alishatueleza jinsi ile mashine ya Baba ilivyo, na vyuma vyake viwili virefu vinavyobeba mzigo mpaka karibu na dari, na kwamba mtu akisinzia juu yake kidogo tu, hatutakuwa na baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na maneno hayo yaliniingia vibaya. Kila sauti iliyonitoka mchana niliona inamla Baba usingizi wake.

Kabla ya korona sheria hiyo haikutusumbua, maana mchana tulikuwa shuleni. Halafu hoteli ambayo Mama alikuwa akitandika vitanda ikasimamisha kazi, shule zikafungwa, na sote tukajikuta ndani ya vyumba viwili na sebule. Mwezi wa nane nilianza darasa la nane kwenye shule mpya ambayo sikuwahi kukanyaga hata lango lake. Shule ilikuja kwenye kompyuta. Walimu hawakunijua, nami sikuwajua, tulionana vichwa tu.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Fundi alipokuja kufunga mtandao alikuta waya mzima kwenye ukuta mmoja tu wa nyumba ile, nao ulikuwa wa chumba cha Baba na Mama. Kisanduku cha mtandao kikakaa humo, juu ya kabati, kinawakawaka karibu na kichwa cha Baba. Ukienda sebuleni picha zinaganda. Ukienda jikoni mwalimu anakatika katikati ya neno. Mahali palipokuwa na mtandao wa uhakika ni koridoni, mbele ya mlango ule ule uliofungwa. Kwa hiyo darasa la nane nililianza nikiwa nimekaa kwenye zulia, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango ambao Baba alikuwa amelala nyuma yake. Nilimsikia akikoroma kuliko nilivyomsikia mwalimu wa hesabu.

Belyse alikuwa darasa la kwanza, na darasa la kwanza ni nyimbo. Alikaa pembeni yangu akiimba kwa mikono na midomo bila kutoa sauti hata kidogo, anapepea kama ndege, anaruka kama chura, kimya. Mwalimu wake alimkumbusha kila siku awashe kipaza sauti. Maskini mtoto, kilikuwa kimewaka. Mwishowe Mama akamweka ndani ya kabati la makoti aimbie humo, mtandao ukakata, akatoka analia kwa ishara.

Shida yangu mimi ilikuwa kwenye somo la Kiingereza. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani ya rangi nyekundu, alipenda tusome kwa sauti, kila mmoja fungu lake. Na mimi hakuna nilichopenda duniani kuliko kusoma kwa sauti. Nilifika Marekani nikiwa bado nabebwa mgongoni, Kiingereza nilikiokota kwenye viwanja vya kuchezea, na kwenye shule yangu ya zamani nilikuwa natafutwa nikawasomee wageni. Lakini sasa zamu yangu ikifika nilinong'ona. Mwalimu akisema ongeza sauti, nilisikia kitanda kikilia nyuma yangu, Baba akigeuka, na maneno yakanikwama. Nilisoma nusu sentensi, nikameza iliyobaki, nikakaa kimya nikitazama magoti yangu.

Mtauliza kwa nini sikumwambia tu kwamba baba yangu amelala. Kwetu haikuwa rahisi hivyo. Mama ni Mbembe wa Fizi, Kongo, Baba ni Mrundi, walikutana kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili cha kambini ndicho walichooania na kutulelea. Na kutoka kambini Mama alibeba msimamo mmoja ambao hakuulegeza hata Texas: mambo ya nyumba hayatoki nje. Huko, ulichomwambia mtu wa ofisi leo kilikurudia siku usiyoitegemea. Basi nikanyamaza. Kazi zangu za kuandika zilikuwa safi, na hilo ndilo lililoharibu zaidi, kwa sababu mwalimu alianza kudhani kuna mtu ananiandikia.

Siku moja akapiga simu nyumbani, kwenye laini akiwa na mkalimani, mwanamume mwenye Kiswahili cha Kikenya kilichonyooka kama cha msoma habari. Mama aliipokea jikoni, akimwita mwalimu Madame, kama walivyozoea kwao Fizi. Na kwa kuwa Baba alikuwa amelala, naye akaongea kwa kunong'ona. Nadhani mwalimu aliamua palepale kwamba ukoo mzima una shida.

"Mwalimu anasema angependa kumsaidia msichana wako zaidi," mkalimani alisema.

"Ndiyo, Madame. Asante sana, Madame."

"Anasema lugha bado inampa taabu. Angependa kumhamisha aende kwa darasa la wale wanaoanza Kiingereza, mpaka mwisho wa mwaka. Unakubaliana na hilo?"

"Ndiyo, Madame. Mungu akubariki."

Nilimvuta kitenge. Akagusa sikio. Nikamvuta tena. Mkono wake ukaenda kwenye kilemba. Ni lazima niwaeleze jambo hili, maana watu wa hapa nikiwasimulia hawaamini: Mama alielewa kila neno, na bado alisema ndiyo. Kwake yeye mzazi aliyelelewa vizuri hamwambii mwalimu hapana. Mwalimu akikuita unaenda umevaa vizuri, unasikiliza, unashukuru. Tena aliona ni bahati, masomo ya ziada, nani anayakataa? Alipokata simu alikuwa anatabasamu.

"Madame anakupenda sana," alininong'oneza. "Atakupatia masomo ya zaidi."

Nilirudi koridoni nikakaa mahali pangu. Darasa lile la wanaoanza nililijua, nilipita humo nikiwa mdogo kuliko Belyse. Hiki ni kiti, ule ni mlango. Mwaka mzima hivyo, wakati wenzangu wanasoma vitabu, na mimi naweza kuvisoma kuliko wao. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, nikalia. Sikulia kwa adabu, jamani. Nilitoa sauti yote niliyokuwa nimeibana tangu shule ianze.

Mlango nyuma yangu ukafunguka nami nikaanguka chali juu ya miguu ya Baba.

"Nani amekufa?" aliuliza. Alikuwa na singlendi na alama za mto shavuni.

"Hakuna mtu amekufa," Mama alisema, bado kwa kunong'ona, kwa mazoea.

"Baba, wanasema sijui kusoma!" nilisema, na sikunong'ona. "They think I don't speak English. Wananirudisha kwa wanaoanza, Mama amesema ndiyo, na mimi najua, ni vile tu wewe umelala."

Niliona sentensi ile ya mwisho ikimwingia. Alisimama kidogo akimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama kompyuta pale chini kwenye zulia. Halafu akakaa chini, yeye na urefu wake wote, magoti yakamfika kidevuni.

"Soma," akasema.

Nilianza kusoma kwa kunong'ona.

"Hapana. Soma na sauti yako."

Nikasoma. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kazini, kinajua mzigo, mlango wa lori na wakati wa mapumziko, na hadithi ile ilihusu farasi. Sidhani kama aliifuata. Lakini alisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, kichwa amekiinamisha, kama anavyosikiliza injili kanisani. Nilipomaliza akamgeukia Mama. "Sauti hii ndiyo tunaifungia humu ndani?" Mama alikuwa ameshika midomo.

"Kesho utasoma hivyo hivyo," Baba aliniambia.

"Na wewe utalala wapi?"

"Mimi nina gari."

Kesho yake baada ya chai alichukua mto na shuka, akateremka ngazi. Gari letu lilikuwa van kuukuu ambayo tuliendea misa kabla makanisa hayajafungwa. Akaondoa kiti cha nyuma, akatandika blanketi, akaiegesha nyuma ya jengo penye kivuli cha ukuta. Zamu yangu ya kusoma ilipofika nilifungua mdomo na sauti ikatoka kubwa hata mimi mwenyewe nikashtuka. Mwalimu alivua miwani. Hakunikatiza. Fungu langu likaisha, akaniambia niendelee, nikaendelea, na wenzangu wakawa wanaandika mambo ya kunishangilia pembeni mwa kioo. Mwishoni aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nilimjibu kwamba nilikuwepo.

Alipiga simu tena nyumbani kusema nibaki nilipo. "Ndiyo, Madame," Mama alisema kwa furaha ile ile. "Asante sana, Madame."

Sijui niwaelezeje siku zilizofuata. Nyumba ilirudiwa na uhai. Belyse alitoka kabatini akaimba chura wake mpaka majirani wakamjua. Mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, saa nne asubuhi, akafungulia kwaya za Kigoma, akaimba sauti ya tatu akiwa anakaanga dagaa. Nje kulikuwa na ugonjwa, watu wa parokia yetu walikuwa wanazikwa tukitazama kwenye simu, na mimi najua inasikika vibaya, lakini nikiulizwa lini nilikuwa na furaha utotoni, naukumbuka mwezi ule wa tisa.

Wakati wa mapumziko ya mchana mimi na Belyse tulimpelekea Baba maji ya barafu. Tulimkuta amelala chali, milango ya van imefunguliwa pande zote, kitenge cha Mama alichokilowesha kimemfunika kifua. Injini hakuwasha, wenye majengo walikataza magari kunguruma pale nyuma. Tulimwonea wivu kweli. Tulimwomba na sisi tulale humo siku moja.

"Huku hakuna nafasi ya wanafunzi," alisema. "Huku ni kwa mfalme. Kuna upepo, hakuna mtu wa kunisumbua. Nalala vizuri kuliko kitandani."

Tukaamini. Shule zilipofunguliwa tukapanda basi, naye akarudi chumbani kwake, na Belyse alinung'unika kwamba van imebaki bure.

Sasa nimekua, nasomea uuguzi, na siku nyingine nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mwaka jana mwezi wa nane walikuja mafundi kubadilisha paa la jengo ninapokaa. Nilirudi asubuhi, miguu imevimba, nikakuta nyundo zinapigwa juu ya kitanda changu. Nikachukua mto nikaenda kwenye gari. Nililiegesha kivulini, nikafungua milango, hata kitambaa nilikilowesha, kwa sababu nilijua jinsi inavyofanywa.

Kivuli kilihama. Kitambaa kilikauka kabla sijasinzia. Bati la gari lilikuwa linatoa joto juu na chini, jasho lilinijaa masikioni, na kila nilipofumba macho alipita mtu na mashine ya kupuliza majani. Nilikaa kitako, kichwa kinagonga, nikampigia Baba kumweleza kwamba Jumapili sitafika kula kwao.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Niko kwenye gari, Baba. Najaribu kulala."

"Toka humo," akasema. Baba yangu si mtu wa ukali, lakini alisema kwa ukali. "Toka humo sasa hivi. Njoo ulale nyumbani. Mimi na mama yako tutakaa nje."

Nilibaki na simu sikioni. Nilikuwa nahesabu kichwani, siku za mwisho za mwezi ule wa nane, na wa tisa wote, na kila jioni yake akivaa viatu vyake vya kazi na kwenda kuipanda ile mashine, bila kulala. Hakuniuliza kama kuna joto ndani ya gari. Hakuwa na haja ya kuniuliza.