Kabati la Mninga la Nyumba ya Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Majengo, mzee wa Kisukuma asiyecheka ovyo, aliniamuru nitoe misumari yote mfukoni kabla sijavuka kizingiti.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "samani za humu hazijui msumari. Ukipigilia hata mmoja, usirudi kesho."

Nyumba hiyo ya Shinyanga alijengewa meneja wa kiwanda cha pamba: paa bapa la zege, kuta za matofali ya matundu ya kupitisha upepo. Aliyeichora alichora pia kila kiti na kila meza. Fahari yake ilikuwa kabati refu la mninga lililotenga sebule na chumba cha kulia. Nililipaka nta kwa kitambaa kila mwezi, taratibu, nikifuata nyuzi za mbao. Nililipenda, sioni haya kusema.

Baadaye nilihamishiwa Kahama, kisha Geita. Huko nilitengeneza madawati na milango, tena ya kukimbizana, hadi mikono ikazoea haraka. Niliporudi Shinyanga nilimkuta Mkurugenzi mpya aliyepewa nyumba ile akae, kijana mwenye adabu zake, ameagiza makochi makubwa kutoka Katoro.

"Shikamoo, Baba Kulwa. Hili kabati litoke, makochi yapate nafasi."

"Marahaba. Mlangoni halipiti, Mkurugenzi."

"Wewe ndiye fundi, mzee wangu. Angalia utakavyofanya."

Lori la makochi lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi. Nikachukua msumeno. Nilipomaliza kukata ndipo nikaona, ndani kabisa, kabari: vile vijiti vinavyokaza viungo bila gundi. Ningezigonga tu, kabati lingefunguka ubao kwa ubao na kutoka bila jeraha. Nilikaa sakafuni nikalia.

Vipande vilikaa stoo miaka mingi, mpaka nyumba ilipowekwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Akaja Mhifadhi, mama mmoja mpole.

"Nani alilikata?"

"Mimi, mama."

Akanipa kazi ya kuliunga. Nilitaka kuificha alama ya msumeno kwa rangi, akakataa.

"Iache ionekane, baba. Nayo imetokea humu humu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu.

Siku hizi wanafunzi wa useremala huletwa kulitazama. Wakiiona ile alama huja juu, wananiuliza ni bosi gani aliyeamuru likatwe. Nawajibu kwamba bosi aliniambia nilitoe. Kulikata niliamua mwenyewe.